Wifi yangu, sufuria la ukoko na ubongo unaohesabu mafuta

Wifi yangu kaniruhusu niandike kwa masharti mawili, nisimtaje jina na nisimfanye mtu wa kuonewa huruma. Jina simtaji. Hilo la pili ntajitahidi, maana mwenyewe ana ulimi na akisoma pahala nimemlegeza basi tena, nitaitwa Fuoni kujieleza mbele ya mama mkwe.

Mie kazi yangu lishe. Napima watu, nawaambia wale nini, wanaitikia ndio ndio kisha wanaenda zao. Kisa hiki kimenifunza kuliko semina zote nilokaa, na nakieleza chote pamoja na pale nilipoharibu mie mwenyewe.

Yeye ana miaka 46, mshoni, magauni ya harusi na madera, watoto wanne. Asili yao Wete lakini kazaliwa huku Unguja. Urefu mita 1.58. Siku ya kwanza kumpanda kwenye mizani yangu ilikuwa baada tu ya Maulidi, kilo 94, ukigawa kilo kwa urefu mara urefu, hesabu inayoitwa BMI, unapata 37 na ushee, yaani ni unene wa kupita kiasi hasa, si ule wa kuambiwa mashaallah umenawiri. Magoti yalikuwa yashaanza kumsema akipanda ngazi. Presha juu kidogo, sukari ya asubuhi haijafika kwenye ugonjwa lakini inaelekea. Na mwanawe mkubwa anaolewa Rajabu. Hapo ndo ilipotoka haraka, kwa sababu mama wa biharusi na watu wa video wanakuja.

Akaenda kituo kimoja cha binafsi mjini, sikitaji, akapewa karatasi. Hiyo karatasi nimeishika kwa mkono wangu: asubuhi chai ya rangi bila sukari na kipande cha boga, mchana samaki wa kuchemsha kipande kimoja na tango, usiku tango na chungwa. Chini yake imeandikwa kwa herufi kubwa MAFUTA NI MARUFUKU. Nazi hakuna, mafuta ya kupikia hakuna, hata vibua akaambiwa aache kwa sababu vina mafuta. Nikipiga hesabu siku nzima haifiki kalori 800, na huyu ni mtu anaekanyaga cherehani mpaka saa sita za usiku.

Sasa na mie mtaalamu nlifanya nini? Nlimpigia makofi. Kila wiki anakuja, mizani inashuka, mie nasema hongera wifi, kaza buti. Zikashuka kilo 14 kwa miezi minne, mpaka 80. Nikawa namtolea mfano kwa watu wengine, huyu wifi yangu huyu muoneni.

Dalili zilikuwepo na sikuzisoma. Ilikuwa kaskazi, joto la kufa mtu, watu wamehamishia magodoro barazani, yeye analala ndani na shuka mbili anasema anasikia baridi. Nywele zikawa zinatoka kwenye kitana. Akawa hana stahmala, mwanafunzi wake wa ushoni akikosea pindo anapigiwa kelele mpaka jirani anachungulia. Halafu akawa anazungumza chakula. Unakaa nae unazungumza kitambaa, yeye anakupeleka kwenye mkate wa kumimina wa marehemu bibi yake, ulivyokuwa unanukia hiliki, ulivyokuwa ukiukata unatoa matundu kama sega la nyuki. Marekani mwaka 1944 na 1945 mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume, wazima, kwa miezi sita, nao wakawa vivo hivo, wanasikia baridi, wanakasirika, wengine wanasoma vitabu vya mapishi usiku kama riwaya. Nilisomeshwa hilo chuoni kabisa na nkajibu kwenye mtihani. Kumbe kulijua kwenye mtihani na kulijua sebuleni kwa watu ni mambo mawili.

Alkhamisi ya wiki ya harusi nikalala kwao. Nyumba imejaa, wanawake wamelala ukumbini wamepangwa kama samaki kwenye tenga. Mchana ulikuwa umepikwa wali wa nazi sufuria kubwa la watu 40. Saa nane za usiku nasikia kwaruu, kwaruu, kwaruu huko jikoni ua wa nyuma. Nkadhani paka. Nikatoka na simu namulika, namkuta wifi kakaa juu ya mbuzi ya nazi, miguu kaipanua, sufuria katikati, na upawa mkononi anakwangua ukoko. Kaumwagia tui lilobakia. Anakula kwa mkono ule mwengine, haraka, hatafuni vizuri, jasho linamtoka, na macho hayapo kwenye chakula yapo ukutani. Nikasimama. Akaniona. Wala hakuacha. Kisha akanambia maneno ambayo ndo sababu ya haya yote nnayoandika:

"Wifi, tumbo limejaa. Shika hapa. Limejaa mpaka linauma. Lakini humu ndani kuna mtu hajaambiwa kama nimekula."

Harusi ikapita, alhamdulillah, gauni lilimkaa. Baada ya hapo mteremko. Shaaban 83. Ramadhani anafunga, funga ya kweli, na bado anapanda, kwa sababu futari ni muhogo wa nazi na tambi na vipopoo na sambusa mbili tatu, tena baada ya tarawehe anaanza upya mpaka daku. Idd kubwa kilo 91. Maulidi iliyofuata, mwaka mzima kamili tangu tuanze, 96. Kazidi kilo mbili pale alipoanzia.

Na hapo kila mtu akawa daktari. Mama mkwe kasema mwanangu kapigwa kijicho siku ya harusi, watu walimuangalia sana. Kaka yake, yaani mume wangu, kasema ni ulafi tu, hana roho ya kujizuia. Jirani kasema sindano ya uzazi wa mpango. Na mie nlikuwa na langu moyoni, sikulisema lakini nlilifikiri: kanivunjia heshima, nlishamtangaza.

Nianze na ya jirani maana ndo inayopimika. Sindano ya miezi mitatu kweli baadhi ya wanawake huwaongezea uzito. Lakini yeye aliiacha miaka minne nyuma. Tukapima tezi ya shingo, sawa. Hatumii dawa yoyote ya kuongeza mwili, wala vidonge vile vya kunenepesha vinavouzwa kichinichini. Mambo ya kijicho simo, sina kipimo chake, mama mkwe alisoma dua na mie niliitikia amina.

Kwaiyo tunabaki na ulafi. Hili ndo nataka kulichambua pole pole, kwa sababu neno ulafi linafunga mazungumzo. Ukishamwambia mtu mlafi umeshamaliza, hakuna la kutafuta. Wakati yeye mwenyewe jikoni saa nane za usiku alishanipa maelezo bora kuliko hayo: kuna mtu ndani hajaambiwa.

Nani huyo? Chini kabisa ya ubongo, nyuma ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna sehemu ndogo kama lozi inaitwa haipothalamasi. Joto la mwili, kiu, usingizi, njaa, mambo mengi ya kujiendesha yenyewe yanapita hapo. Kwa upande wa chakula ndani yake kuna makundi mawili ya seli yanayovutana, moja likiwaka unatafuta chakula kama umetumwa, jengine likiwaka unaridhika unasukuma sahani. Na hizi seli hazina macho ya kuona sahani. Zinategemea habari zinazokuja na damu na mishipa ya fahamu, na habari kubwa kuliko zote kwa muda mrefu ni hii: mafuta yako mangapi ghalani?

Habari hiyo inaletwa na homoni inaitwa leptini na inatengenezwa na mafuta yenyewe, hayo ya kiunoni na mapajani. Mafuta yakiwa mengi leptini nyingi, yakipungua inapungua. Namna ilivyogundulikana nzuri sana. Kule Marekani maabara ya Jackson walikuwa na panya wanene wa aina mbili, wote wanakula bila kikomo. Bwana mmoja, Douglas Coleman, akawashona panya wawili wawili wawe wanachangia damu. Akimuunga mnene wa aina ya kwanza na panya wa kawaida, yule mnene anapunguza kula. Akimuunga na mnene wa aina ya pili, yule wa kwanza anaacha kula kabisa mpaka anakufa na njaa, ilhali mwenzake anaendelea kunenepa. Maana yake wa kwanza hatengenezi ujumbe lakini masikio anayo, wa pili anautengeneza tele lakini kiziwi. Hiyo homoni yenyewe ikaja kupatikana mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman. Mwaka 1997 wakapatikana na watu, watoto wawili wa ukoo mmoja walochunguzwa Cambridge, Uingereza, wamezaliwa hawana leptini, wa miaka minane ana kilo 86. Jamaa zake walikuwa hawana la kufanya, mtoto halii ila chakula. Walipokuja kutiwa leptini kwa sindano njaa ile ikatulia. Nikamsomea mume wangu hii akanyamaza muda, kisha akasema "huyo ni mtoto bwana, si mtu mzima", lakini neno ulafi sijalisikia tena nyumbani kwangu.

Sasa wifi yangu hana tatizo la wale watoto, huyo anayo leptini tele. Watu wengi wanene wanayo nyingi kuliko wembamba. Shida ni kwamba ubongo unaisikia kama adhana ya mbali upepo ukiwa kinyume. Alipokuwa na kilo 94 ubongo wake ulikuwa ushazoea kiwango hicho cha ujumbe na ukahesabu kuwa hiyo ndo hali ya kawaida. Halafu tukaja sisi na karatasi ya kalori 800. Leptini ikipunguziwa chakula ghafla inashuka haraka kuliko mafuta yenyewe yanavyopungua, ndani ya siku tu, kwaiyo ubongo unapata taarifa ya ghala limeungua wakati ghala bado lina akiba tele. Utafanya nini kama we ndo ubongo? Utazima taa zisizo lazima, ndo baridi ile na nywele zile, na utapeleka mtu jikoni.

Kuna utafiti wa Australia ulotoka mwaka 2011, waliwachukua watu 50 wanene wakawapa chakula kidogo sana wiki kumi, wakashuka kilo 13.5 kwa wastani. Karibu sawasawa na wifi yangu mwenye 14. Wakawafuata mpaka wiki ya 62. Mwaka mzima baada ya ile dayati bado leptini yao iko chini ya ilivyokuwa mwanzo, ghrelini, ile homoni ya tumboni inayoita njaa, bado iko juu, na wenyewe wakiulizwa wanasema njaa yao kubwa kuliko kabla hawajaanza. Mwaka mzima! Mie nilikuwa namwambia wifi vumilia wiki mbili tatu mwili utazoea.

Na hesabu nyengine hii, ya kundi la Kevin Hall mwaka 2016: kwa kila kilo unayopunguza, hamu ya kula inasukumwa juu kwa karibu kalori 100 kwa siku, wakati matumizi ya mwili yanashuka kalori 20 mpaka 30 hivi. Haya mtilie wifi kilo zake 14. Anasukumwa kula kalori 1,400 zaidi kila siku, na mwili wake unatumia pungufu kama 280 hadi 420. Kalori 1,400 ni chakula cha mchana na cha usiku vyote. Kila siku aamke apigane na hicho, ashone, alee, apike wali wa watu wengine. Mie nikiruka chai ya saa nne tu nakuwa sisemeki.

Hadi hapa ni habari ya mafuta ya mwilini kupeleka salamu ubongoni. Lakini iko sehemu ya pili na ndo iliyonikamata zaidi, mafuta yanayoingia ubongoni wenyewe. Tulisomeshwa kuwa ubongo unaishi kwa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, na kweli ndo chakula chake kikuu, kiungo cha asilimia 2 ya uzito wako kinakula kama asilimia 20 ya nguvu yote ukiwa umepumzika. Kwaiyo mafuta tukayatoa kwenye mazungumzo ya ubongo. Kumbe seli za haipothalamasi zinayaonja mafuta. Sio kwa ajili ya kushiba, kwa ajili ya kujua.

Kwa mfano mwaka 2002 kundi la Luciano Rossetti waliwatia panya asidi ya oleiki, mafuta yale yalojaa kwenye zeituni, kidogo tu moja kwa moja ubongoni. Panya wakapunguza kula, na ini lao likapunguza kumwaga sukari kwenye damu. Yaani ubongo uliona mafuta yanapita ukasema basi, chakula kipo, punguzeni. Kisha likaja la kusikitisha, panya walopewa kula kupita kiasi siku tatu tu, ukiwatia ileile oleiki hawaitikii. Siku tatu. Harusi ya kwetu inachukua ngapi?

Na Chuo Kikuu cha Colorado, kundi la Robert Eckel mwaka 2011, walifanya jambo jengine. Ipo protini moja inaitwa laipoproteini laipasi, kazi yake kuyafungua yale mafuta yanayosafiri kwenye damu ndani ya vifurushi ili seli iweze kuyachukua. Ipo kwenye misuli, ipo kwenye mafuta, na ipo kwenye seli za ubongo pia. Wao wakaiondoa kwenye seli za ubongo peke yake, huko kwengine wakaiacha. Chakula cha panya hao hakikubadilishwa, ni kilekile cha kila siku. Wakaanza kula zaidi, wakapunguza kuzunguka, na walipofika wiki 16 wakawa wanene. Ndani ya haipothalamasi zao mafuta yalikuwa hayaingii vizuri, hasa yale ya omega 3 yalipungua, na ile ishara ya njaa imepanda.

Nilipoisoma hii nikakumbuka maneno ya jikoni. Panya kashiba, damu ina mafuta, tumbo limejaa, ila mlango wa kupitishia habari umefungwa na ubongo unaamini kuna njaa. Mtu ndani hajaambiwa.

Lakini ngoja, nisije nikafanya kosa jengine la kupiga makofi. Wifi si panya, na mie sikufungua kichwa chake. Siwezi kusema protini hiyo ina hitilafu kwake, siwezi kusema vibua vilivyokatazwa ndo vilimharibu, hayo nikiyasema naongopa. Chenye uhakika zaidi ni ule upande wa kwanza, leptini kushuka na ghrelini kupanda baada ya dayati ya ghafla, hilo limeonekana kwa binadamu tena na tena. Upande wa pili unanipa namna ya kufikiri tu: kwamba shibe ni taarifa, kuna mpelekaji na kuna mpokeaji, na mmoja wao anaweza kuwa na kasoro bila ya mwenye mwili kuwa na kasoro ya tabia. Vilevile huwezi kumaliza tatizo la taarifa kwa kukata mafuta yote mdomoni kama karatasi ile ilivyotaka, maana mafuta nayo ni sehemu ya taarifa.

Na wala msinielewe kinyume mkaenda kunywa mafuta. Panya wakipewa chakula cha mafuta mengi, haipothalamasi inaanza kuonesha uvimbe wa ndani kwa ndani ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapanda, na yanayolaumiwa zaidi ni mafuta mazito yale yanayoganda, kama ile asidi ya palmitiki ilo nyingi kwenye mafuta ya mawese, haya ya madumu tunayokaangia bajia na chipsi mpaka yanageuka rangi ya kahawa.

Tukakaa mie na yeye barazani kwake, bila mizani, nikamuomba radhi kwanza. Akacheka akasema "we wifi ulikuwa unafurahia mizani kuliko mie". Kisha nikamuuliza kitu ambacho nilikuwa sijapata kumuuliza, siku yake inakwendaje. Hapo ndo likatoka jambo nililolikosa kabisa. Usingizi. Msimu wa harusi na kuelekea Idd usiku mzima analala muda wa saa nne tu, mara nyengine tatu, wiki nzima nzima. Kuna utafiti wa Chicago wa mwaka 2004, vijana 12 wazima wakilazwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa siku mbili leptini ilishuka asilimia 18 na ghrelini ikapanda asilimia 28, wakawa wanataka vitu vitamu na vya wanga. Siku mbili tu. Yeye miaka kumi na tano yuko kwenye cherehani. Kwaiyo hata kabla ya karatasi ile, kabla ya harusi, ubongo wake ulikuwa unapata taarifa mbovu kila msimu, na inawezekana kilo 94 zenyewe zilitoka huko kwa kiasi, pamoja na urojo wa magharibi na soda ya kumuamsha.

Tulichofanya hakina maajabu. Nazi ilirudi, lakini tui la nazi moja kwa sufuria la nyumba nzima badala ya tatu, na yeye mwenyewe ndo alosema moja inatosha ukilikamua vizuri kwenye kifumbu. Vibua na dagaa vilirudi. Asubuhi anakula, mayai au maharage na kipande cha mkate wa ufuta, hakai tena na chai ya rangi mpaka saa saba. Mchana mchuzi na mboga na samaki kwanza, wali baadae, maana akianza na wali hajui pa kusimama. Vya kukaanga Ijumaa. Cherehani inafunikwa saa nne za usiku, na hapa palikuwa na ugomvi wa kweli na wateja, wawili walimkimbia. Akawa anatembea na shoga yake baada ya alasiri mpaka skuli na kurudi, dakika 40 hivi. Na mizani mara moja kwa mwezi tu, kwangu, mlango umefungwa.

Shemegi yake aliyeko Maskati akasikia habari, akapiga simu anataka kumletea zile sindano za semaglutidi. Sikukataa wala sikushangilia. Sindano hizo zinafanya kazi kwa kiasi kikubwa ubongoni, zinaiga homoni ya utumbo inayosema nimeshiba, yaani zinamwambia yule mtu wa ndani. Kwa mtu mwenye uzito wake na sukari inayoelekea juu, daktari anaweza kabisa kuziandika. Ila nilimwambia kitu kimoja cha kuwekea akilini: walozitumia kisha wakaziacha, baada ya mwaka walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Ni kilekile cha Australia, ukimnyamazisha mpiga kelele akaondoka anaemnyamazisha, kelele zinarudi. Kwaiyo swali si kuwa inafanya kazi au haifanyi, swali nani ataituma kila mwezi kwa miaka, itasafirije kwenye ubaridi, na daktari gani atakaemuangalia hapa. Akafikiri wiki nzima. Akamwambia shemegi yake asilete sindano, amletee majora mawili ya satini nyeupe.

Maulidi ya juzi ilikuwa kilo 89. Kutoka 96. Kilo saba kwa mwaka mzima, ambazo karatasi ile ilizitoa kwa miezi miwili. Presha imerudi sawa, sukari imeshuka kidogo, goti la kushoto bado linamsema. Ukimuuliza njaa anasema ipo, ila haina haraka. Mume wangu anasema mbona bado mnene, nami namwambia nyamaza ule.

Ukoko bado anaula. Tena siku hizi anautoa kwa mwiko wa mbao mchana kweupe, anauweka kwenye kisahani, anakaa kwenye mkeka na mama mkwe wanagombania ule ulowiva rangi ya dhahabu, na usiku ule wa jikoni hajaurudia, isipokuwa mara moja wiki ya Idd alipokesha siku tatu kwa magauni ya watu. Alinipigia simu asubuhi yake mwenyewe kunambia, nkamuuliza ulilala saa ngapi, akasema "wifi, na mie ndo nilichojiuliza kabla sijakupigia".